Moshi Juu ya Mashuka

Mvua za mwaka ule zilikuja kama mgeni aliyeaga kwao kwa siku mbili lakini akabeba na godoro. Mwanzoni watu walizipokea kwa bashasha. Walitega ndoo na mapipa chini ya michirizi, wakausifu ubaridi, wakalala vizuri. Kisha wakaanza kutazamana. Mbingu zilikuwa zimeinama mpaka ungedhani zinataka kukaa juu ya mabati, na kila kilichozoea kukauka kikakataa kukauka. Kuta zilitoa jasho, chumvi iligandamana koponi, milango ilivimba ikawa haifungiki bila kupigwa bega.

Katika kichochoro kimoja nyuma ya soko waliishi wanawake wawili ambao riziki yao ilitegemea ukavu. Mmoja alihitaji kuni kavu, mwenzake alihitaji nguo kavu. Walikuwa mtu na wifi yake. Walitenganishwa na ukuta wa matofali unaomfika mtu kidevuni, na zaidi ya maneno ya kurushiana juu ya ukuta huo, hawakuwa na mazungumzo.

Wa kwanza mtaa ulimwita Mama Tanuri. Alikuwa mjane mwenye mikono minene iliyojengwa na kukanda unga, na sauti isiyojua kunong'ona. Tanuri lake la mikate lilijengwa na marehemu mumewe kwa matofali ya kuchoma. Lilikuwa na tumbo la mviringo kama chungu kilichopinduliwa, na mgongo wake ulishikana na ukuta wa chumba cha nyuma. Kila alfajiri aliwasha moto ndani ya tumbo hilo, akangoja matofali yashibe joto, akayavuta makaa nje, akapangusa sakafu ya tanuri kwa tambara lililolowa, ndipo akaiingiza mikate kwa bao lake refu. Mumewe alipofariki, watu walitikisa vichwa wakasema tanuri lile halimalizi mwezi. Waliosema hivyo walikuja baadaye kupanga foleni ya mkate kama wengine. Tangu siku hizo Mama Tanuri alikuwa na kauli yake moja, na aliitoa hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

"Mimi sina nguzo ya kuegemea," alisema. "Nguzo ni mimi."

Wa pili alikuwa dada wa marehemu, dobi kwa kazi, mwembamba kama fimbo ya kuanikia, na mtaa ulimwita Bi Povu. Aliyedhani jina hilo limetokana na sabuni peke yake alikuwa hajamkosea bado. Akikasirika, maneno yalimtoka kama maji ya beseni lililopigwa teke, na huwezi kuyarudisha mpaka yamalizike.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya banda. Lilikuwa banda la kawaida tu, paa la mabati juu ya nguzo, pande zote wazi, lakini lilisimama mahali ambapo upepo wa kichochoro ulipita mchana kutwa kama mtu aliyetumwa. Marehemu alikuwa akipanga kuni zake hapo. Alipoondoka duniani na ua ukagawanywa, banda liliangukia upande wa dada mtu, naye akasimika humo miti na kutundika kamba zake za nguo. Mama Tanuri hakuomba hata kona. Kuni mpya akazipanga kwenye ua wake mdogo uliozungukwa na kuta, akanunua turubai, akasema yamekwisha. Na kweli, katika miaka ya jua, yalikuwa yamekwisha.

Mwaka huu jua halikuja.

Kuni zake alizinunua kwa Gogo, mzee wa mkokoteni, mtu wa maneno mengi na meno machache. Asubuhi moja ya manyunyu Gogo alishusha mzigo mlangoni akaupigapiga kwa upendo kama anayeuza ng'ombe wa maziwa.

"Kavu hizi, Mama Tanuri. Kavu kama koo la mwimbaji."

Mama Tanuri alichukua vipande viwili akavigonganisha. Vilitoa sauti nzito, kama ngumi inayopiga mto.

"Ukuni mkavu hulia, baba. Hizi zimeguna."

"Zina haya tu, hazijakuzoea. Zikikaa kwako zitalia."

"Zitaniliza mimi kwanza. Shusha, nitafanyaje, na wenzako wote wanauza maji yaliyovaa magome."

Haikuwa kwamba hakujua kazi. Alijua kwamba gogo zima hukaa na maji yake tumboni hata likifunikwa namna gani, kwa hiyo ni lazima lichanjwe vipande vyembamba. Alijua kwamba kuni haziwekwi juu ya ardhi, kwani ardhi nayo hunywesha; huinuliwa juu ya matofali, zikapangwa gome likitazama juu ili mvua iteleze, na kuachwa upenyo baina ya safu na safu ili hewa ipite. Yote hayo aliyafanya. Lakini upepo haukuingia katika ua wake, na mvua ilinyesha kwa ubavu. Akizifunika kuni pande zote kwa turubai, zilitoka jasho zikaota ukungu mweupe kama ndevu. Akizifunua, zilinyeshewa. Ilikuwa kama kumlea mtoto ambaye akibebwa analia na akiwekwa chini analia.

Basi alfajiri tanuri lilipowashwa, kuni zilichemka badala ya kuwaka. Zilitoa mapovu kwenye ncha, zikafoka, zikafuka moshi mzito wa rangi ya maziwa yaliyoharibika. Moshi huo haukupanda juu, maana hewa ilikuwa nzito. Uliteleza ukavuka ukuta, ukaingia chini ya banda na kujilaza juu ya mashuka meupe ya Bi Povu.

"Wifi," ilisema sauti ya upande wa pili, "unaoka mikate, au unafukuza mbu wa mji mzima?"

"Naoka mikate," alijibu Mama Tanuri bila kugeuka. "Mbu ni sadaka yangu kwa jirani."

"Mashuka haya niliyafua jana. Sasa ni kama yametandikwa kwa muuza mkaa. Nifue moshi wako mpaka lini?"

"Moshi sikuuzaa mimi. Iulize mvua."

"Mvua haina tanuri," alisema Bi Povu, na yaliyofuata hapo hayana haja ya kuandikwa, kwani mtaa mzima uliyasikia.

Juu ya kilima, nyuma ya soko, kulikuwa na hospitali, na hospitali hiyo ilikuwa mteja mkubwa wa wote wawili. Mkate wa wagonjwa ulitoka kwa Mama Tanuri, na mashuka ya vitanda yalifuliwa na Bi Povu. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za marehemu. Bila mteja huyo, kichochoro kile kingebaki na wateja wa mkate mmoja mmoja na kanzu moja moja, na si tanuri wala beseni ambalo lingeweza kumlisha mwenye nalo.

Kwa hiyo Mama Tanuri alipomwona Matroni mwenyewe, mkuu wa wauguzi, akishuka kilimani chini ya mwavuli, alijua kwamba hakuja kununua. Matroni alikuwa mwanamke mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito. Alitoa mkate kwenye mfuko wake, akaumega. Ganda lilikuwa jeupe kama uso wa mgonjwa, na ndani kulikuwa na donge lililong'ang'ania vidole.

Akavua miwani. "Mama Tanuri, mimi sina neno na wewe. Mwenye neno ni mgonjwa. Mtu ametoka kupasuliwa tumbo, nimpe hili?"

Mama Tanuri alilitazama lile donge. Uongo haukuwa kazi yake. "Usimpe," alisema. "Tanuri halipati moto. Nivumilie."

"Nitakuvumilia wiki hii. Ikiisha na mkate ni huu huu, nitatafuta kwingine, na moyo utaniuma."

Akaaga, akazunguka ukuta akaingia upande wa pili. Mama Tanuri alibaki akikanda. Hakuwa na nia ya kusikiliza, lakini ukuta wa kidevuni hauzuii neno.

"Yananuka, bibi," ilisikika sauti ya Matroni. "Yananuka uvundo na moshi, na bado yana unyevu. Siwezi kumlaza mtu mwenye kidonda juu yake."

Mama Tanuri aliacha kukanda, akangoja povu. Halikuja.

"Ni kweli, Matroni," alisema wifi yake kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia. "Nimeyanusa mwenyewe nikaona haya. Nipe wiki hii."

Kwa miaka mingi Mama Tanuri alikuwa ametamani kumsikia mwanamke yule akisutwa. Sasa alikuwa amesikia, naye akashangaa kuona hakuna utamu. Alikuwa kama mtu aliyengoja embe liive, akalimenya, akakuta funza. Akapiga donge la unga juu ya meza kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, akaendelea na kazi.

Hata hivyo, kiburi hakifi kwa siku moja. Badala ya kwenda upande wa pili wa ukuta, alijiambia kwamba suluhisho analo ndani ya nyumba yake. Tanuri hubaki na joto kwa muda mrefu baada ya mikate kutoka. Kama joto hilo huivisha mkate, litashindwaje kukausha kuni? Aliwahi kukausha humo vipande vichache vya kuwashia. Safari hii hakutaka vichache. Mikate ilipotoka, alijaza kuni mpaka tumbo la tanuri likashiba, nyingine zikatokeza ncha mdomoni. Mlango wa chuma akauacha wazi kidogo ili mvuke upate njia, akarundika zilizobaki karibu na mdomo zipate joto nazo, akajifunga kanga kichwani, akaenda sokoni kununua hamira. Alitembea kwa majivuno. Nguzo ni mimi, alijisemea.

Aliporudi, moshi uliokuwa ukitoka mlangoni kwake ulikuwa wa manjano, na ulikuwa na haraka. Kuni za juu, zilizogusa matofali yenye joto kali, zilikuwa zimekauka upesi kupita alivyotaka, zikashika moto, na upenyo ule wa mlangoni ulizipa pumzi. Ndimi za moto zilikuwa zinatoka mdomoni mwa tanuri na kulamba rundo la nje. Juu ya rundo kulikuwa na boriti za paa.

Kabla hajaamua aanzie wapi, Bi Povu aliingia kwa kasi na ndoo mkononi, maji yakimruka miguuni, akalenga mdomo wa tanuri moja kwa moja.

"Usilimwagie," alisema Mama Tanuri akimshika mkono. "Likinywa maji ya baridi litapasuka, wifi, na likipasuka nimekwisha."

Hapo hapakuwa na muda wa kuulizana nani mkubwa. Bi Povu aligeuza ndoo akaimwaga juu ya rundo la nje, likatoa mvuke na kuzomea. Mama Tanuri alitia bao lake mdomoni akajaribu kuzisukuma kuni ndani ili mlango ufungike, lakini zilikuwa zimebanana kama abiria waliokata tiketi moja. Joto lilimchoma nyusi. Akageuka kusema, akakuta wifi yake ametoweka.

Hakuwa amekimbia. Alirudi akiwa amekumbatia mablanketi mawili, ya kitandani kwake mwenyewe, yaliyokuwa yamelowekwa kwenye beseni tangu asubuhi. Yalikuwa mazito kama maiti, na maji yalichora njia nyuma yake. Wakayashika pembe kwa pembe, wakayafunika mdomoni mwa tanuri, wakayakandamiza pande zote kwa bao na kwa migongo yao. Mvuke uliwapanda usoni. Ndani, moto ulinguruma, ukaguna, ukakosa pumzi. Walisimama hivyo kwa muda mrefu, bega kwa bega, hakuna aliyethubutu kuachia kwanza.

Tanuri liliponyamaza kabisa, Mama Tanuri alipapasa matofali yake moja baada ya jingine. Hakuna lililopasuka. Akaketi juu ya gunia la unga.

Bi Povu aliyachukua mablanketi, yakiwa yameungua kingoni, akatafuta pa kuyaweka. Sakafu ilikuwa matope matupu. Akaingia chumba cha nyuma, akayatundika kwenye misumari iliyokuwa ukutani, pale ukuta uliposhikana na mgongo wa tanuri. Kisha akarudi, akaketi kwenye gunia jingine. Mama Tanuri alimpa maji ya kunywa.

"Ahsante, wifi," alisema Mama Tanuri.

"Si kwa ajili yako. Tanuri alilijenga kaka yangu."

"Najua alilijenga nani. Mimi ndiye niliyemkandia udongo."

Mvua iligonga mabati bila haraka, kama kawaida yake.

"Unajua kwa nini nilitia kamba zangu bandani?" Bi Povu aliuliza, akitazama mlango. "Watu walisema ni choyo, nami nikawaacha waseme. Rundo la mwisho la kuni alilipanga kaka kwa mkono wake. Kila nikiamka nalitazama. Lilikuwa limenyooka kama uzi. Nikawa najiambia, maadamu rundo lipo, hajaenda mbali. Siku moja nikaamka, limekwisha. Umelichoma lote, hukuniambia hata neno. Nikasema, basi na banda lisibaki tupu mbele ya macho yangu."

Mama Tanuri alipojibu, kwa mara ya kwanza sauti yake ilijua kunong'ona.

"Zilikuwa kuni, wifi. Alizipanga ili ziwake. Nilizichoma moja moja, na kila niliyoishika nilijua mkono wake uliishika kabla yangu. Ulidhani sikulia? Nililia nimeelekea motoni. Watu wakadhani ni moshi."

"Hukuniambia."

"Nawe hukuniuliza."

Bi Povu alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Basi tulikuwa wajinga wawili," alisema, "na ukuta katikati ili tusipunguziane ujinga."

Mama Tanuri alicheka bila kutaka, na mwenzake akacheka kwa kuona amecheka. Kisha Bi Povu akainuka kwenda kugeuza mablanketi yake. Alikaa huko kitambo. Mama Tanuri alipomfuata alimkuta amesimama gizani, shavu lake limelazwa juu ya blanketi kama mtoto.

"Lishike," alisema.

Upande uliogusa ukuta ulikuwa mkavu. Si ukavu wa kudanganya, ule wa nje wakati ndani pamelowa. Ulikuwa mkavu kabisa, wenye joto, usionuka kitu. Tangu mvua zianze, Bi Povu alikuwa hajashika nguo ya namna hiyo. Mama Tanuri alikuwa akiishi na ukuta huo kila siku, akitundika humo magunia matupu, asijue kwamba kwa mwenzake ungekuwa dhahabu. Na papo hapo akafikiria upepo wa bandani, ambao wifi yake aliuzoea mpaka akaacha kuusikia.

Neno lililokuwa limemkwama kooni miaka yote hiyo halikutoka kwa urahisi. Lilitoka kama msumari wa zamani, kwa kuvutwa.

"Wifi, naliomba banda."

Bi Povu alikuwa na haki ya kuuonja ushindi kidogo, naye akaonja. "Na mimi nakiomba chumba hiki."

"Hakina dirisha."

"Nguo hazina haja ya kutazama nje. Tutoboe tundu juu, mvuke utoke."

"Lakini kuni mbichi hazikauki kwa siku mbili," alisema Mama Tanuri. "Hata nikizipeleka kwenye upepo leo, ahadi ya Matroni itafika kabla hazijawa tayari. Vipande hivi vilivyoungua nusu vitanipa moto wa kesho. Kesho kutwa nitachoma nini?"

Bi Povu alitazama chini, akatazama upande wa nyumba yake. "Miti yangu ya kamba," alisema hatimaye. "Ile iliyosimama chini ya banda. Ina miaka chini ya bati, haijaonja tone. Imekauka mpaka inalia ikiguswa na upepo. Ichanje."

"Nikiichoma, na chumba kisipokufaa, utatundika wapi?"

"Ndiyo maana nakupa nikiwa nakutazama machoni. Nikishakupa, sina pa kurudi."

Walianza siku ile ile. Kuzunguka kichochoro na mizigo kulikuwa kupoteza muda, kwa hiyo Mama Tanuri alichukua nyundo akaangusha sehemu ya ukuta, na matofali yaliyotoka wakayatumia kuinulia kuni. Gogo aliitwa, akaja na shoka lake. Alipopita kwenye pengo la ukuta akiwakuta wawili wale wameshika ncha mbili za mti mmoja, alisimama, akapangusa macho, akaomba aambiwe nani amekufa.

"Atakufa muuza kuni mbichi," alisema Bi Povu, "asipochanja hizi vipande vyembamba kama mkono wangu."

"Kama mkono wako, bibi? Basi nitachanja vijiti vya meno."

Alichanja mpaka shati likamganda mgongoni. Mama Tanuri ndiye aliyepanga. Alipanga safu za kwanza zikikingama, za juu zikinyooka, magome juu, ncha zilizochanjwa zikitazama upande ulikotoka upepo, na baina ya safu aliacha nafasi ya kupita ngumi. Bi Povu alitaka kuzibana zaidi ili nyingi ziingie, akakatazwa. Naye alipoona Mama Tanuri anatundika mashuka chumbani yakiwa yamekunjana mara mbili, alimkataza vilevile, kwani nguo nayo hutaka nafasi yake kama ukuni. Walibishana juu ya magome yaliyoanguka kwenye beseni, wakabishana juu ya unga uliopeperukia mashuka. Siku ya pili walibishana vibaya, hata Gogo akajifanya ana shughuli sokoni. Lakini jioni kila mmoja alirudi kwenye kazi ya mwenzake akairekebisha bila kusema.

Miti ya kamba ilichomwa kidogo kidogo, na juu yake viliwekwa vibanzi vilivyopita kwanza juu ya mgongo wa tanuri baada ya kupigwa na upepo bandani. Vichache tu, vikitazamwa na jicho la mtu. Siku baada ya siku miti ilipungua na vibanzi viliongezeka. Ncha za kuni zikaanza kupasuka nyufa kama visigino vya msafiri, magome yakaachia yenyewe. Asubuhi moja Mama Tanuri alichukua vipande viwili akavigonganisha mbele ya pengo la ukuta. Vililia vikali, kama sahani.

"Kavu hizi," alisema Gogo, na safari hii hakuwa na mzaha.

Moto wa asubuhi hiyo haukufoka wala kutoa povu. Uliwaka kwa ndimi ndefu, safi, matofali yakashiba joto mapema, na kilichotoka mdomoni mwa tanuri kilikuwa hewa inayotetemeka tu. Hakukuwa na moshi wa kuvuka popote. Mikate iliumuka, ikapata rangi ya kahawia, ikatoka ikilia ganda lake kwa kupasukapasuka. Katika chumba cha nyuma, mashuka yalikuwa yananing'inia meupe, makavu, na Bi Povu alikuwa akichukua makaa ya tanuri kwa koleo na kuyatia kwenye pasi yake, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria mpaka alipolifanya.

Siku ya mwisho ya ile wiki, mkokoteni wa Gogo ulipanda kilimani ukiwa na mzigo wa namna mbili chini ya turubai moja, nao wawili wakausindikiza kwa miguu, mvua ikiwapiga. Matroni aliwapokea barazani. Alichukua mkate akaumega, ukaachana kwa nyuzi laini, mvuke kidogo ukapanda. Akachukua shuka akalinusa, akalinusa tena, akalipitisha kwenye shavu. Miwani haikuvuliwa.

"Mvua bado inanyesha," alisema, kama anayewashtaki. "Mmeyapata wapi haya?"

"Kwangu," alisema Mama Tanuri.

"Kwangu," alisema Bi Povu pamoja naye.

Wakatazamana, na Mama Tanuri, mwanamke wa sauti isiyojua kunong'ona, akarekebisha kwa sauti ambayo wodi mbili ziliisikia.

"Kwetu," alisema. "Andaa vitanda, Matroni. Kesho tunaleta tena."

Nao wakaleta, kesho na kesho kutwa, mvua zikiendelea kama zilivyotaka. Mtaa ukazoea. Lile pengo la ukuta likawekewa vizingiti, lakini mlango haukutiwa kamwe. Na kauli ile ya nguzo haikusikika tena kichochoroni. Aliyeikosa akauliza, aliambiwa kwamba nguzo moja haijawahi kubeba banda.

Mwenye joto bila kuni kavu alibaki na moshi, na mwenye upepo bila joto alibaki na uvundo. Walipokutana, mvua ile ile haikuwaweza. Ukuni ulio peke yake hufuka tu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.